Jinsi ya kumsukuma mjumbe wako ili mazungumzo ya vyama yaishie kwa sheria

Siasa ikichacha Kenya tunajua mwisho wake, vinara wanasalimiana, picha zinapigwa, watu wanarudi kazini na hakuna kitu kimeandikwa popote. Lakini raia wa kawaida anaweza kuisukuma hiyo salamu hadi Bungeni kwa ombi, wengi wanaita petisheni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinakuruhusu, na huhitaji wakili.

Kabla ya kushika kalamu jua hesabu. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika, na kubadilisha Katiba kupitia Bunge kunataka thuluthi mbili, yaani 233, na Seneti pia wafikishe thuluthi mbili yao. So mheshimiwa akikwambia upande wao wana namba, muulize kama zinafika 233, hapo atakumbuka yule wa upinzani anayemrushia maneno kila wikendi kwa matanga.

Na si kitu kipya. 1997 baada ya maandamano ya Saba Saba (7 Julai, watu wakidai mabadiliko) wabunge wa KANU, chama tawala wakati huo, na wa upinzani walikaa pamoja kwa IPPG, kundi la wabunge wa vyama mbalimbali, wakapitisha marekebisho kabla ya uchaguzi wa Desemba, upinzani ukapata kupendekeza makamishna 10 wa tume ya uchaguzi. Wengi walisema ni kidogo, na mimi nakubali, lakini kilikuwa sheria.

Sasa kuandika. Kiswahili kinakubalika sawa tu na Kiingereza. Hapa kwa ombi lenyewe ndio watu huharibu: wanaandika "tunaomba viongozi wadumishe amani", sasa kamati ifanye nini na hiyo? Chukua ripoti ya mazungumzo ya Bomas kati ya serikali na upinzani ya Novemba 2023, chagua pendekezo moja ambalo halijatekelezwa, taja sheria inayoguswa na useme unataka ibadilishwe vipi. Moja tu jamani, yetu ya kwanza ilikuwa na maombi saba na haikufika mbali. Sema pia ni hatua gani mmechukua tayari, na kama kuna kesi kortini kuhusu jambo hilo. Lugha iwe ya heshima hata kama umekasirika. Kila anayeunga mkono aweke jina, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi au kidole gumba, na ukikosea neno usikate kwa biro, chapisha upya karatasi yote.

Ombi unaweza kumpelekea Karani wa Bunge moja kwa moja ama umpe mbunge aliwasilishe. Mimi ningempa mbunge, halafu nimtafute mwingine wa chama pinzani kutoka kaunti hiyo hiyo akubali kuongea siku litakaposomwa, maana likionekana la upande mmoja wenzake watalipuuza. Kamati ina siku maalum za kujibu, uliza ni ngapi na uweke alarm kwa simu. Na siku ya kupeleka beba nakala mbili, hiyo ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani.