Kupambanisha rangi nyeupe za ndani ya nyumba kabla ya kununua kopo

Kadi tatu za sampuli za rangi nyeupe juu ya kaunta ya hadiwea zinafanana kama mapacha. Zisogeze kwenye mwanga wa mlangoni, uziweke juu ya karatasi safi ya A4. Hapo moja inavuta manjano, nyingine waridi, ya tatu kijivu au buluu. Rangi hiyo iliyojificha ndiyo itakayotawala chumba, jina la kopo halikusaidii.

Usijaribu moja kwa moja ukutani, hasa ukuta wa krimu: kando ya krimu kila nyeupe huonekana ya buluu. Kata hadibodi za sentimita 60 kwa 60, paka undakoti (rangi ya chini ya kutangulia) nyeupe, kisha koti mbili za kila rangi. Acha saa nne kati ya koti na koti. Masika, unyevu ukizidi, ngoja hadi kesho yake. Pembezoni bakisha sentimita 5 za undakoti, ili jicho lisichanganywe na rangi ya zamani.

Simamisha hadibodi hizo wima, usizilaze. Ziangalie kwenye ukuta wa dirisha na ule unaolitazama dirisha, saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Mji wa Kale wa Mombasa vichochoro ni vyembamba, mwanga mwingi huingia baada ya kugonga ukuta wa jirani. Ukiwa wa manjano, nyeupe yako yenye umanjano itageuka siagi. Chukua yenye ukijivu. Palipo na miti mingi dirishani, ukijani huingia ndani, na nyeupe yenye uwaridi kidogo huutuliza. Sakafu nyekundu nayo huipaka wekundu sehemu ya chini ya ukuta.

Balbu inunuliwe kwanza. Namba yenye K kwenye boksi huonyesha rangi ya mwanga: ya 3000K huongeza manjano, ya 6500K hufanya nyeupe ya kijivu ipoe kama chumba cha hospitali.

Dari yenye nyeupe kali huufanya ukuta wa nyeupe laini uonekane mchafu, hata ukiwa mpya. Tumia rangi moja kotekote. Milango ya korido yenye giza usiipake rangi ya mafuta, nyeupe yake hugeuka manjano ikikosa mwanga.

Kuta za chumba cha mita 3 kwa 4, zenye kimo cha mita 2.7, zinataka kama lita 7 kwa koti mbili, bila dari. Nunua makopo mawili ya lita 4 yenye namba ya toleo ileile, yaani yaliyotengenezwa pamoja, uyachanganye kwenye ndoo moja kabla fundi hajachovya brashi.