Fidia ya Dépakine Ufaransa: anza na cheti cha dawa

Somo hili ni la mama aliyeandikiwa Dépakine, Dépakote au Dépamide (dawa za valproate, za kifafa na ugonjwa wa akili wa bipolar) huko Ufaransa akiwa mjamzito, mtoto akazaliwa na mgongo wazi, mdomo sungura, tatizo la moyo, au baadaye akaonekana ana usonji. Tangu Juni 2017 fidia huombwa ofisi ya serikali iitwayo ONIAM. Kuomba ni bure na wakili si lazima.

Hatua ya 1: faili. Fomu isubiri kwanza. Tafuta karatasi inayoonyesha kwamba dawa ilitumika wakati wa mimba: cheti cha daktari, kumbukumbu za famasi, barua ya daktari wa kifafa. Hospitali inatakiwa ikupe nakala ndani ya siku 8, au miezi 2 ikiwa faili limepita miaka 5. Kwa kawaida hutunzwa miaka 20 tangu ulipotibiwa mara ya mwisho, kwa hiyo wenye watoto wakubwa, andikeni barua wiki hii. Yangu niliipata kwenye faili la mkunga, baada ya kuhangaika kwingine kote.

Hatua ya 2: ripoti za mtoto, za hospitali na za shule.

Hatua ya 3: fomu. Baba na ndugu wa mtoto nao waandikwe. Madhara yao yanahesabiwa.

Hatua ya 4: jopo la wataalamu hutoa maoni. Sanofi, kampuni yenye dawa, isipotoa fidia, ONIAM hulipa kisha huidai.

Maswali ya wanachama

Dada, sikumbuki kama daktari alinionya. Nimekosa?
Hapana, mdogo wangu. Sheria inachukulia kuwa hukuelezwa, ikiwa dawa iliandikwa tangu 1982 kwa kasoro za maumbile, au 1984 kwa matatizo ya ukuaji.

Nina mimba ya wiki 7 na bado naimeza. Niache?
Usiache mwenyewe, tafadhali! Kifafa kikirudi ghafla kinaweza kukuua wewe na mtoto. Mpigie daktari leo hii, umwambie una mimba. Hatari ni kubwa: karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji.

Fedha walizotaja ni kidogo. Nisaini?
Ukikubali, madai hayo yamekwisha. Ukikataa, mahakama ipo. Kabla ya kalamu, wasiliana na APESAC, chama cha familia kinachoongozwa na Marine Martin, mama aliyepitia haya.