Wiski ya pipa moja: izimue kidogo kidogo

Ukionja wiski ya Ayalandi ya pipa moja, yaani isiyochanganywa na ya mapipa mengine, inuse na kuionja kavu, bila maji, kwanza, kisha tia nusu kijiko cha chai cha maji, funika glasi dakika 2, unuse tena. Nyingi hutiwa chupani bila kuzimuliwa, kilevi kikiwa asilimia 55 hadi 60, na ukali huo huichoma pua kabla hujasikia harufu yoyote. Yangu ya jana ilinuka spiriti tupu. Baada ya maji ikatoa tufaha bivu na vanila ya pipa, nikafurahi kweli. Usiifanyie hivyo ya asilimia 40, itapooza mdomoni. Maji ya friji nayo hapana, baridi hufunga harufu.