Tawi la kukata, mkorosho wa kuacha: kupima barabara kwa leza na akili mnemba

Mimi ni fundi sanifu wa upimaji, mzaliwa wa Mtama, na kazi zangu nyingi ziko kwenye barabara za Lindi na Mtwara. Vijana wanaotoka vyuoni huniuliza namna ya kutumia leza na akili mnemba katika usalama wa barabara, na karibu wote huanza na kifaa: ninunue kipi? Mimi nawaambia waanze na kipande cha barabara wanachokijua, kilomita moja au mbili tu, kisha wakitafutie majibu ya maswali mawili. Dereva anaanza kumwona mtoto anayevuka akiwa umbali gani? Na maji ya mvua yanapita wapi? Nukta zilezile za leza zinajibu yote mawili, na ndiyo sababu naithamini kazi hii. Zamani tukiambiwa barabara ni hatari, tulifyeka kila kilichosimama pembeni. Siku hizi tunaweza kujua tawi lipi linaziba, tukaliondoa hilo na mti ukabaki.

Leza yenyewe si jambo gumu kuelewa. Kifaa kinarusha mwale, mwale unagonga kitu na kurudi, kifaa kinapima muda uliotumika. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo nanosekunde moja ya kwenda na kurudi ni sentimita 15 za umbali. Rudia hivyo mara nyingi mno kwa sekunde, unapata wingu la nukta, kila nukta na mahali pake na kimo chake. Kwetu Kusini faida kubwa ni kwamba mwale ukigonga jani la mkorosho, sehemu yake hupenya kwenye upenyo na kufika ardhini, kisha kifaa kinapokea majibu yote mawili. Picha za droni ya kawaida zinaishia kwenye majani ya juu.

Chagua msimu kabla ya kuchagua kifaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ukitaka kujua dereva anaona nini, pima mwishoni mwa mvua, nyasi zikiwa zimesimama kimo cha mtoto. Ukitaka sura ya ardhi na mikondo ya maji, pima Septemba au Oktoba, nyasi zimekauka na nyingine zimeungua. Fedha ikiwa ya mara moja tu, chagua mwisho wa mvua. Mitaro unaweza kuifuata kwa miguu baadaye. Kuanzia Juni hadi Agosti kuwa mwangalifu, maana wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho alfajiri na asubuhi, na unga ule ukiwa angani unarudisha mwale kana kwamba ni kitu kigumu. Waulize wenyeji siku za kupuliza. Miezi hiyohiyo kusi inavuma na matawi hayatulii. Dimbwi la maji mara nyingi huonekana kama tundu tupu kwenye data, na lami mpya nyeusi hurudisha mwale hafifu. Yajue hayo ili usije ukaandika shimo mahali pasipo na shimo.

Sasa kifaa. Simu za iPhone za daraja la Pro, kuanzia 12 Pro ya mwaka 2020, zina leza ndogo inayofika kama mita 5. Hiyo inatosha kabisa kupima mdomo wa kalavati, shimo la barabarani, au ukingo wa mtaro uliomomonyoka. Kwa kilomita nzima utahitaji droni yenye leza au kifaa kinachofungwa juu ya gari, na ushauri wangu ni kukodi. Droni hairuki bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Anza kukishughulikia mapema. Kibali cha ofisini hakitoshi pia. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wasalimie wazee, waeleze mwenye shamba na mama anayeuza mihogo pembeni kile kitakachopita juu yao. Watu wakielewa watakuonyesha hata mahali ambapo maji yalipita mwaka ambao wewe hukuwapo.

Kabla ya kurusha, tandika alama nyeusi na nyeupe ardhini na uzipime kwa GNSS, yaani kipokezi cha setilaiti za mahali, kwenye mfumo wa ramani wa UTM kanda ya 37 kusini. Nyingine zitumie kusahihisha, nyingine usizitumie kusahihisha, zikusaidie kuhakiki tu. Kosa la kimo likizidi sentimita 5 kwenye alama za kuhakiki, usiendelee na hesabu za maji.

Ofisini huhitaji programu za gharama. CloudCompare, ya mawingu ya nukta, na QGIS, ya ramani, ni za bure. Fungua wingu kwenye CloudCompare, tumia kichujio cha CSF kutenga ardhi na vilivyo juu yake, kisha pita kwa macho yako mwenyewe: kwenye kingo za makorongo kichujio hupenda kuita ardhi kuwa mmea.

Sehemu ya kuona ndiyo yenye uzito, kaa nayo. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde mbili na nusu kushtuka na kukanyaga breki, kisha gari lipungue kwa kasi ya kawaida, linahitaji karibu mita 130 kusimama. Kwa kilomita 50 kwa saa ni kama mita 65. Weka jicho la dereva mita 1.1 juu ya lami, weka mtoto wa kimo cha mita moja pale anapovukia, na uchore mstari kati yao kwenye wingu. Usitumie ramani ya kimo peke yake kwa kazi hii. Ramani hiyo inauchukulia mwembe kama ukuta kuanzia kileleni hadi chini, wakati chini ya matawi kuna uwazi na dereva anaona vizuri. Kata ukanda mwembamba wa nukta kufuata mstari wa macho, uutazame kwa ubavu. Hapo utaona kinachoziba ni nini hasa: tawi moja la chini, kichuguu, nyasi, au kibanda cha makuti. Andika orodha hiyo kitu kwa kitu, na kimo cha kukatia.

Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na ni rahisi mtu kusema fyeka yote. Mizizi ya miti ndiyo inayoshika udongo wa mchanga wa miteremko yetu, hasa ukielekea Uwanda wa Makonde upande wa Newala. Ukiondoa miti isiyoziba, udongo unateremka mtaroni, mtaro unajaa, maji yanapanda juu ya lami.

Akili mnemba inaingia pale kazi ya kuhesabu inapozidi macho ya mtu mmoja. Weka kamera juu ya nguzo kwa siku kadhaa, hasa saa za shule na siku za mnada, ukitumia modeli ya kutambua vitu kama YOLO. Ile inayokuja tayari haijafundishwa kwa barabara zetu. Ifundishe kutambua bajaji, bodaboda yenye abiria wawili, baiskeli yenye gunia la korosho, mbuzi, na mama mwenye ndoo kichwani. Weka alama kwenye picha kwa mkono, tena shirikisha vijana wa hapohapo. Picha za kujaribia zitoke barabara nyingine, siyo ile uliyofundishia, la sivyo utapata alama nzuri za uongo. Na ukipima ubora, tazama kwanza watu ambao modeli haikuwaona kabisa, maana hao ndio tunaowatafuta.

Kwa kuwa leza imekupa vipimo halisi vya mahali pale, unaweza kuoanisha picha ya kamera na wingu, na mwendo wa kila gari ukausoma kwa mita na sekunde. Hapo unajua magari yanapita kijijini kwa kasi gani ikilinganishwa na 50 iliyoandikwa kwenye kibao, na ni mara ngapi gari limemkosakosa mvukaji. Huna haja ya kusubiri ajali ili uwe na takwimu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kilomita 30 kwa saa mahali watembea kwa miguu na magari wanapochanganyika. Mimi ningeweka hiyo mbele ya kila shule. Ficha nyuso na namba za magari kabla ya kuhifadhi chochote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maji sasa. Kutokana na nukta za ardhi tengeneza ramani ya kimo yenye seli za sentimita 50, uipitishe kwenye r.watershed, zana ya kufuata mikondo ya maji, ndani ya QGIS. Mara ya kwanza barabara itaonekana kama bwawa, kwa sababu leza ya juu haioni tundu la kalavati. Tembea, pima kila kalavati kwa futikamba na kwa simu, andika kipenyo na mchanga uliojaa ndani, kisha kata njia yake ya maji kwenye ramani na uendeshe hesabu tena. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Kilwa, sote tuliona mkoa unavyofungwa. Kalavati lililojaa mchanga hadi nusu ni kazi ya majembe na siku chache, likijulikana kabla ya Novemba.

Ripoti iwe ukurasa mmoja na ramani moja. Barabara kuu na za mkoa peleka TANROADS, za wilaya na vijiji peleka TARURA, nakala ibaki ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Panga kwa gharama: kwanza matawi na makalavati, halafu matuta na vibao, mwisho ujenzi. Mwenye mkorosho aonyeshwe tawi lake kwenye picha kabla mtu hajashika panga.

Kazi ikishafanyika, pima tena kipande kilekile baada ya msimu wa mvua na ulinganishe mawingu mawili kwenye CloudCompare. Hifadhi data ghafi kwa muundo wa LAZ, unaobana wingu la nukta, jina la faili likiwa na tarehe na kilomita, nakala mbili, moja isiwe kwenye kompyuta yako.