Kabla hujanunua amplifaya ya hedifoni

Weka wimbo unaoujua vizuri, kisha pandisha sauti ya simu taratibu. Ukifika nusu au theluthi mbili na masikio yameshatosheka, hela yako ibaki mfukoni. Ukifika mwisho kabisa na muziki bado unasikika kama unapigwa chumba cha pili, hapo amplifaya ina kazi.

Tazama namba ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye boksi. Hedifoni nyingi za kawaida ni omu 16 hadi 32, na simu inazimudu. Sennheiser HD 600 ni omu 300. Hizo zinataka volti ambazo simu nyingi hazina. Ila omu peke yake hudanganya, angalia na desibeli pia (namba inayoonyesha hedifoni inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa umeme uleule), maana zipo za omu chache ambazo ni nzito kusukuma. Za bluetooth zina amplifaya yao ndani, usijisumbue.

Mimi kwa tamaa niliwahi kuchomeka vile vidogo vya ndani ya sikio kwenye amplifaya kubwa. Nilichoongeza ni "shhhh" tu, hata wimbo ukiwa umesimama.