Kuainisha na Kupeleleza Makosa ya Ukatili Dhidi ya Binadamu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Jina la kosa unaloliandika kwenye jalada saa ya kwanza ndilo linaloamua nani atatumwa eneo la tukio, vielelezo gani vitachukuliwa na daktari ataombwa aangalie nini. Ukiandika "shambulio la kawaida", hakuna atakayepiga picha shingo ya mlalamikaji. Ukiandika "amejinyonga", fundo la kamba litafunguliwa kabla mtu yeyote hajalitazama. Kwa sababu hiyo, hapa uainishaji na upelelezi vinakwenda pamoja. Majina ya makosa hutofautiana nchi kwa nchi, hivyo soma hatua hizi ukiwa na sheria ya nchi yako mkononi.

Hatua ya 1: Okoa uhai, kisha funga eneo

Anayepumua anatangulia kielelezo chochote. Kama kamba iko shingoni na huenda mtu bado yu hai, ikate mara moja, ila kata mbali na fundo, kisha ziwekee lebo ncha mbili ulizozikata ili baadaye zitambulike. Wahudumu wa afya wakilazimika kuchana nguo, waombe wasipitishe mkasi kwenye tundu la kisu au la risasi, na nguo hizo zisitupwe.

Utepe uwekwe mbali kuliko unavyodhani panatosha. Eneo kubwa hupunguzwa wakati wowote. Dogo likishakanyagwa pembezoni, limekwisha. Chagua njia moja ya kuingia na kutoka, ambayo haielekei kuwa ndiyo aliyopita mtuhumiwa, na msimamishe mtu mmoja mwenye daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu. Wakubwa nao waandikwe, maana nyayo zao hazitofautiani na za mtu mwingine.

Hatua ya 2: Andika ainisho la muda

Jiulize mambo manne: nini kimetendwa, kimeleta madhara gani, kulikuwa na nia gani, na mtendaji ni nani kwa mwathirika. Uainishaji wa Kimataifa wa Makosa ya Jinai kwa Ajili ya Takwimu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, una sehemu 11, na nne za kwanza ndizo zinazotuhusu: matendo yanayosababisha kifo au yenye nia ya kuua, matendo ya kumdhuru mtu, yakiwemo shambulio, vitisho, utekaji na usafirishaji haramu wa binadamu, ukatili wa kingono, na makosa ya kuwania mali kwa kutumia nguvu au vitisho, yaani unyang'anyi.

Mfumo huo unachora mstari kati ya shambulio kubwa na dogo kwa aina ya jeraha. Risasi, kuchomwa kisu, kiungo kukatika, mfupa kuvunjika, jino kung'oka, jeraha la ndani na kupigwa hadi kuzimia ni madhara makubwa. Michubuko, uvimbe, mikwaruzo na jicho kuvilia damu ni madogo. Mstari huo unafaa kwa takwimu, lakini usiuache ukufiche nia. Aliyefyatua risasi kifuani ikakosa shabaha hajaacha hata mchubuko, na bado inaweza kuwa kesi ya kujaribu kuua. Nia huonekana kwenye silaha iliyochaguliwa, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, maneno yaliyotangulia, na alichofanya mtu baadaye: aliita msaada, au alifua nguo?

Kifo ambacho chanzo chake hakijajulikana kipelelezwe kama mauaji hadi ushahidi uonyeshe vingine. Ni rahisi kushusha kosa baadaye. Kulipandisha wakati chumba kimeshapigwa deki ni shida.

Hatua ya 3: Soma majeraha kabla hujayapa jina

Kidonda cha kukatwa kina kingo safi, na urefu wake huzidi kina. Cha kuchomwa huwa na kina kikubwa kuliko upana wake. Kilichopasuliwa na kitu butu kina kingo zilizochanika na kuchubuka, na ukichungulia ndani utaona nyuzi za nyama zikiunganisha upande mmoja na mwingine, kwa kuwa kitu butu hupasua ngozi bila kukata kila kitu. Kichwani tofauti hii hudanganya sana, maana ngozi iliyotandazwa juu ya mfupa hupasuka kama imekatwa. Askari akiandika "amekatwa kisogoni" na daktari akaandika "kitu butu", wakili wa utetezi ameshapata pa kuanzia. Andika unachokiona (mahali, urefu, umbo, rangi) na aina ya silaha mwachie daktari. Viganja na upande wa nje wa mikono visisahaulike. Huko ndiko hukaa majeraha ya kujikinga.

Usikadirie umri wa mchubuko kwa rangi. Njano haionekani kabla ya saa 18 hivi. Zaidi ya hapo, rangi hazitoi saa za kuaminika.

Piga picha kwa umbali tatu: mtu mzima, sehemu ya mwili, kisha jeraha lenyewe, bila rula na pamoja na rula. Lenzi itazame jeraha moja kwa moja. Ikiinama, vipimo vyote vinapotoka. Rudia baada ya siku moja au mbili, kwa sababu michubuko mingi hujitokeza kwa kuchelewa.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu shingo, kila mara

Kukabwa koo ni miongoni mwa matendo yanayoainishwa vibaya mara nyingi, na hasa likitokea kati ya wenza. Mtu anaweza kukabwa hadi kukaribia kufa bila alama hata moja kwenye ngozi. Mishipa ya shingoni ikibanwa, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hivi. Mshipa ulioumia ndani unaweza kuleta kiharusi saa au siku kadhaa baadaye, hivyo apelekwe hospitali hata kama anasema yuko salama. Aliyewahi kukabwa na mwenza wake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa naye.

Usimuulize "alikunyonga?" halafu ukaridhika na "hapana". Wengi husema "alinishika hapa". Uliza: alitumia mkono mmoja, miwili, kiwiko au kamba? Ulisikia nini, uliona nini? Sauti ilibadilika? Kumeza kunauma? Ulijikojolea? Kuna kipande cha tukio usichokumbuka, au ulijikuta sakafuni bila kujua ulifikaje? Majibu mawili ya mwisho huashiria kwamba alizimia, na hapo jalada haliwezi kubaki "shambulio la kawaida". Kagua weupe wa macho, ndani ya kope, nyuma ya masikio na kwenye fizi: vidoa vyekundu vidogo mfano wa ncha ya sindano ni dalili ya damu kuzuiwa kurudi moyoni. Mikwaruzo ya shingoni mara nyingi ni ya kucha za mwathirika mwenyewe akijinasua. Isitumike kumgeuza kuwa mshambuliaji.

Hatua ya 5: Chukua na ufunge vielelezo

Kitu chenye damu mbichi hakifungwi kwenye plastiki. Unyevu ukinaswa, ukungu na bakteria huharibu vinasaba. Kianikwe kivulini chumba kitulivu, kisha kiingie kwenye mfuko wa karatasi, kimoja kimoja, na glovu zibadilishwe kila kielelezo. Doa lililokauka pangusa kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa kwa maji safi ya maabara, kisha kijiti kikavu palepale. Tunza vyote viwili.

Bunduki usiiinue kwa kuchomeka kalamu kwenye mtutu. Ifanye salama, andika risasi ilikuwa wapi ndani yake, na funga kila ganda la risasi peke yake. Masalia ya baruti kwenye mikono ya mtu aliye hai hupungua haraka, kwa kawaida ndani ya saa 4 hadi 6, hivyo sampuli zichukuliwe kabla hajanawa. Mikono ya marehemu ivishwe mifuko ya karatasi.

Kila makabidhiano yaandikwe: nani, lini, wapi, lakiri ikiwa katika hali gani. Pengo la usiku mmoja kwenye mnyororo huo wa makabidhiano linaweza kukiondoa kielelezo mahakamani.

Hatua ya 6: Ukatili wa kingono, shindana na saa

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Uzazi wa mpango wa dharura hufanya kazi hadi saa 120, na kadiri unavyowahi ndivyo ulivyo bora. Tiba isisubiri maelezo ya polisi. Kama dawa ya kulevya inashukiwa, mkojo wa kwanza ni wa thamani. Baadhi hutoweka ndani ya saa 12 tu. Mshauri manusura asioge wala kubadili nguo kabla ya uchunguzi. Kama ameshaoga, aende vilevile. Kutokuwa na jeraha hakuonyeshi kwamba hakubakwa. Kipimo cha vidole kwa ajili ya "ubikira" hakina msingi wa kisayansi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe.

Hatua ya 7: Hoji bila kulisha majibu

Mashahidi wakae mbalimbali. Anza na "nieleze kila kitu kuanzia mwanzo" na usimkatize. Maswali ya nani, wapi na vipi yafuate, na vielelezo vionyeshwe mwishoni. Kwenye gwaride la utambulisho, anayelisimamia asijue mtuhumiwa ni yupi, shahidi aambiwe kwamba huenda mhusika hayupo, na uhakika wake uandikwe kwa maneno yake palepale.

Hatua ya 8: Kamera na simu

Kamera nyingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache, kwa hiyo zifuatwe siku hiyohiyo. Kabla ya kunakili, linganisha saa ya mtambo na saa sahihi na uandike tofauti. Simu itolewe kwenye mtandao, isipekuliwe kwa vidole.

Hatua ya 9: Rudia ainisho

Lifungue upya jalada kila linapokuja jambo jipya: ripoti ya daktari, jibu la maabara, maelezo ya pili. Andika tarehe, ainisho la zamani, jipya na sababu. Majeruhi akiwa bado wodini, andikia hospitali mara moja ihifadhi damu iliyochukuliwa alipofika, kabla hajaongezewa ya mtu mwingine, kwa sababu maabara za hospitali huzitupa sampuli hizo baada ya siku chache, na akifariki hutapata nyingine ya namna hiyo.