Waranti ya sakafu ya epoksi: anza na yasiyolipwa

Ukipewa waranti ya sakafu ya epoksi (rangi ngumu inayopakwa juu ya zege) ya ghala au karakana, usikimbilie idadi ya miaka. Soma kwanza yasiyolipwa. Waranti nyingi hurudisha ndoo za rangi tu. Kukwangua, ufundi na siku ambazo kazi imesimama ni juu yako. Na unyevu unaopanda kutoka chini ya zege mara nyingi haumo, ilhali ndio unaofanya rangi itoke malengelenge. Kwa hiyo kabla ya kupaka, tandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 juu ya zege, ziba kingo zote kwa selotepu pana, iache angalau saa 16. Ukibandua ukakuta matone, au zege limekoza rangi, fundi asianze. Piga picha yenye tarehe, uitunze pamoja na risiti.